Seva Moja, Kompyuta Ishirini: Namna ya Kuzipa Uhai Kompyuta Kuukuu



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani, zikiwemo za mitumba zinazouzwa katikati ya jiji, hazifikii masharti ya Windows 11. Kwa mzazi wa Kangemi au Kawangware ambaye mwanawe anategemea kompyuta ya chuo ili ajifunze kazi, swali ni moja: mashine hizo ziishie jaa la Dandora, au zipewe maisha mapya?

Swali hilo linaihusu kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka vyuo vya ufundi vya mashinani na maktaba chini ya serikali za kaunti. Hapa kwetu maktaba hizo ni pamoja na McMillan, iliyofunguliwa 1931 katika Mtaa wa Banda, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara.

Njia moja ni kutumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na unaopatikana bila ada ya leseni. Badala ya kuweka programu katika kila kompyuta, fundi huziweka katika kompyuta moja yenye nguvu, yaani seva. Nyingine huzipata kupitia kebo za mtandao wa chumbani.

Ni kama ploti yenye tangi moja la maji. Kila mpangaji ana mfereji wake, lakini hakuna anayechimba kisima chake.

Kazi hiyo hufanywa kwa namna tatu. Ya kwanza, seva hushiriki folda ya programu kwa utaratibu uitwao NFS, uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. Folda hiyo huwa ya kusoma tu, ili mtumiaji asiharibu kitu. Ni lazima kompyuta zote ziwe na toleo moja la Linux, la sivyo programu zinaweza kukataa kufunguka. Ya pili, kompyuta huwaka kupitia mtandao na kupokea mfumo mzima kutoka kwa seva, hivyo hata iliyoharibika diski hufanya kazi. Ya tatu, programu huendeshwa ndani ya seva yenyewe, na kompyuta ya mezani huonyesha picha tu. Mradi wa Linux Terminal Server Project, ulioanza Marekani mwaka 1999, umesaidia shule nyingi duniani kwa mbinu hizi.

Faida yake inahesabika. Sasisho la megabaiti 300 likipakuliwa na kompyuta 20, moja baada ya nyingine, bando linalotumika ni megabaiti 6,000. Likiwekwa kwenye seva, ni 300 tu. Tena fundi hufanya kazi hiyo mara moja.

Lakini tangi likikauka, ploti nzima hukosa maji. Seva ikizimika, darasa zima husimama. Kwa hiyo seva inahitaji betri ya akiba kwa sababu ya stima kukatika, chumba kinachofungwa kwa kufuli, na nakala za faili zinazohifadhiwa mahali pengine. Kebo na swichi pia ziwe za gigabiti moja. Wanafunzi 20 wakiwasha mashine saa mbili asubuhi kwa pamoja, kila mmoja atapata takriban megabiti 50 kwa sekunde. Kwa swichi ya megabiti 100, kila mmoja atabaki na 5 tu, na kipindi kitaisha wakisubiri. Wi-Fi haifai kwa kuwasha mashine namna hii.

Kila mtumiaji awe na akaunti na nywila yake. Wasifu wa kazi na nambari ya kitambulisho ni habari za mtu binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda.

Mpango huu hauponyi kila kitu. Kompyuta yenye ramu ndogo itaendelea kuchelewa ikifungua kurasa nzito za intaneti, isipokuwa kazi hiyo ihamishiwe kwenye seva, nayo seva iwe na ramu ya kutosha. Programu zilizoundwa kwa Windows pekee nazo zijaribiwe kwanza. Ni busara kuanza na kompyuta tano, kuzitumia muhula mmoja, kisha kuongeza.

Basi vikao vya ushiriki wa umma kuhusu bajeti vinapoitishwa katika wadi, mkazi asiulize tu kompyuta ngapi zitanunuliwa. Aulize zilizopo ni ngapi, nani atazitunza, na nakala za kazi za wanafunzi zinahifadhiwa wapi. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama kijana wa Kawangware atakuta mashine inayowaka.