Tamasha la fikra na watu wa Kanyaruchinya

Desemba 2019 kampuni ya magazeti ya Nation Media Group ya Nairobi, ikiadhimisha miaka 60, ilianzisha tamasha la fikra liitwalo Kusi, mjini Kigali. Mwaka uliofuata likahamia Kisumu, kisha Accra mwaka 2021. Hoja yake kuu ni Afrika ya miaka 60 ijayo. Gazeti linapowakutanisha wenye mawazo, linafanya kazi ya maana sana.

Lakini kutoka Kigali hadi hapa Goma ni mwendo wa saa chache tu kwa gari. Kanyaruchinya, kambi iliyo karibu na Goma, iliwapokea waliokimbia vita mwaka 2012, ikawapokea tena mwaka 2022, wengi wakitoka Rutshuru. Walijenga vibanda vya maturubai juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, mawe makali yasiyokubali kigingi, yanayochana kandambili na nyayo za watoto. Mwanzoni mwa 2025 kambi zikavunjwa, watu wakafunga mizigo upya. Mama aliyehama hivyo mara mbili, tatu, ana mengi ya kusema kuhusu mipaka na dola kuliko wengi wanaoalikwa jukwaani.

Na hapa Goma tamasha si jambo geni. Tamasha la Amani lilianza Februari 2014, miezi michache tu baada ya waasi wa M23 kushindwa, likajaza watu uwanjani. Huo ulikuwa muziki. Sasa tunataka vitabu na mijadala, kwa Kiswahili. Wahariri wa Nairobi, na ninyi wa Kinshasa, njooni. Mkalimani awe wa wageni, na kipaza sauti kianze kwa mwenyeji.