Habari na Tarehe Yake: Milisho ya Wavuti na Mitandao ya Kijamii katika Chumba cha Habari



Nianze na ndoo. Asubuhi moja mtangazaji wetu wa zamu alisoma hewani tangazo la kukatika kwa maji siku tatu mfululizo. Alilipata kwenye grupu la WhatsApp: skrinshoti safi, ina nembo, mhuri na saini. Ilipofika saa nne, mtaa mzima ulikuwa umejaza ndoo, madumu, hata mabeseni ya kufulia. Maji hayakukatika. Tangazo lilikuwa la kweli kabisa, ila la mwaka uliotangulia. Aliyepiga skrinshoti alikuwa ameikata sehemu ya juu yenye tarehe. Simu tulizopigiwa siku ile sipendi kuzikumbuka.

Tumezoea kulaumu mitandao kwa uongo. Tangazo lile halikuwa na neno moja la uongo. Kilichotuponza ni kwamba lilitufikia likiwa limevuliwa tarehe, na aliyelituma hakuwa mwenye nalo.

Sasa, iko teknolojia kongwe ambayo wengi wenu mmeipita bila kuiona: RSS, ambayo hapa nitaiita mlisho. Ilianzia katika kampuni ya Netscape mwaka 1999, na toleo lake la 2.0 likatoka mwaka 2002. Mlisho ni faili la maandishi tu. Tovuti inapochapisha habari, huongeza humo kichwa cha habari, kiungo, muhtasari, na siku na saa ya kuchapishwa. Programu ya kusomea milisho, Feedly kwa mfano, hupitia tovuti ulizozichagua mwenyewe na kukukusanyia mapya yote mahali pamoja. Ukishayasoma yamekwisha, unaendelea na kazi nyingine.

Wapo wanaodhani mlisho ulikufa Julai 2013, Google ilipoifunga programu yake ya Google Reader. Haukufa. Podikasti nyingi mnazosikiliza kwenye daladala bado husafiri kwa RSS. Ila ni kweli kwamba wakati ule wasomaji wengi walikuwa wamekwisha kuhamia Facebook na Twitter, na huko mpangilio ulikuja kubadilika. Mwaka 2016 Twitter ilianza kutanguliza machapisho ambayo mtambo unakisia utayapenda, badala ya kufuata saa. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba ya ndugu na marafiki yatapewa nafasi kuliko ya kurasa za vyombo vya habari. Mtu akibonyeza kufuata ukurasa wa gazeti anaamini atayaona yote. Kumbe ni sawa na muuza magazeti anayechana kurasa na kukupa zile anazodhani zitakufurahisha, nyingine za juzi, halafu anakwambia gazeti lako hilo.

Msomaji wa kawaida anaweza kuvumilia. Mhariri wa zamu hawezi, maana kazi yake ni kujua pia asilolipenda.

Kuutumia mlisho ni rahisi. Tovuti nyingi za Kiswahili zimejengwa kwa WordPress; weka mkwaju na neno feed mwishoni mwa anwani, na mara nyingi mlisho utafunguka. Blogu za Blogspot nazo zina milisho yake, na chaneli za YouTube vilevile. BBC Swahili wanao. Na kwa kuwa ni maandishi matupu, mlisho hauli bando sana. Kwa stesheni za wilayani, ambako kompyuta tatu hugawana modemu moja, hilo si jambo dogo.

Sisemi tuyafute magrupu. Daraja likisombwa na mafuriko, bodaboda aliyekwama pale atatuma picha kabla tovuti yoyote haijaamka. Wakenya walilionyesha hili mapema mwaka 2008, jukwaa la mtandaoni la Ushahidi lilipokusanya taarifa za wananchi kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi na kuziweka kwenye ramani. Dawati letu linayasikiliza magrupu kama tunavyosikiliza mazungumzo ya kijiweni: tunapata fununu, kisha tunamtafuta mtu wa pili aliyeona. Ujumbe wenye mishale miwili, yaani uliokwisha kupita mikono mingi, hatuupeleki hewani hata ukiwa na mihuri saba.

Tukumbuke pia kwamba mlango mmoja huweza kufungwa. Uganda iliizuia Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu. Chumba cha habari kilichokuwa kikitegemea kurasa za huko peke yake kilibaki kimekaa. Intaneti yote ikizimwa, mlisho nao hauna msaada, na hapo redio ya mkulima inarudi kwenye cheo chake.

Kasoro kubwa ya mlisho, kwetu sisi, iko kwingine. Ofisi nyingi za umma zimeacha tovuti zao ziote kutu na kuhamia Instagram. Taarifa kwa vyombo vya habari siku hizi hutoka kama picha: herufi ndogo, kiungo hakuna, na si rahisi kutafuta neno ndani yake. Mlisho hauwezi kuinasa. Kwa ofisi za namna hiyo tumebaki na daftari lenye namba za maofisa habari, na tunapiga kila siku saa tatu asubuhi. Wawili hupokea.