Bunkeya: mji ulivunjika, Neno likahama

Masomo: Matendo ya Mitume 8:1–4, Waebrania 13:14



Leo twende Bunkeya, humu katika jimbo letu la Lualaba. Mwaka 1886 mtu wa Scotland, Frederick Stanley Arnot, alifika pale akitoka pwani ya Atlantiki. Aliyetawala ni Mwami Msiri. Mji ulikuwa mkubwa. Misafara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa ilitoka pale kwenda bahari zote mbili. Mwami akampa Arnot mahali pa kujenga. Arnot hakuwa na askari. Alitibu wagonjwa, akalea watoto waliookolewa utumwani, akafundisha Neno.

Lakini wakubwa wa Ulaya walitazama shaba. Serikali ya Leopold ilitaka bendera yake ipande Bunkeya, Msiri akakataa. Tarehe 20 Desemba 1891, Kapteni Bodson akampiga Mwami risasi, akafa. Bodson naye akapigwa, akafa. Njaa ikaingia, watu wakatawanyika. Mji ukabaki majani.

Je, kazi ya Mungu ilikufa na mji? Hapana. Dan Crawford, aliyemfuata Arnot, alikwenda pamoja na watu hadi Luanza, kwenye ziwa Mweru. Kutoka katika kazi hiyo Agano Jipya likatoka kwa Kiluba-Sanga, lugha ya nchi yetu hii. Kiwanja kilipotea, Neno likatembea kwa miguu ya watu, kama katika Matendo 8.

Wapendwa, hata leo shaba inahamisha watu. Unaamka asubuhi, ukuta wa kanisa mlilojenga kwa sadaka za miaka mingi umepigwa alama ya rangi. Inauma, na kulia si dhambi. Kudai haki pia si kukosa imani: wazee, tunzeni karatasi za parseli, andikeni kila bati na kila benchi, nendeni pamoja mkaulize malipo.

Lakini nyumbani jiulize: kuta zikianguka kesho, mtoto wangu atabeba nini moyoni? Kama Neno liko ukutani tu, tingatinga italichukua. Kama liko ndani yake, litahama naye.

Tuombe. Baba, utupe haki yetu, na utufundishe kupanda ndani ya watu. Katika jina la Yesu. Amina.