Njia ya Maduka na Miguu ya Watu

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu huliona aingiapo mjini, lakini ni wachache wanaolifikiri: nalo ni njia ya maduka. Nina maana ya zile njia za katikati ya mji ambako maduka yamepangwa ukuta kwa ukuta, na watu hupita tangu asubuhi hata magharibi. Nauliza hivi: njia kama hiyo huishi kwa sababu gani, na hufa kwa sababu gani? Mfano wetu utakuwa mji wa Mwanza, maana wengi wenu mnaonisikiliza, mkiwa Magu, Misungwi, Sengerema au Ukerewe, mmekwisha kwenda huko kuuza au kununua.

Kwanza tutazame mji huo ulivyokua. Mwaka 1892 Wadachi walijenga kituo chao hapo kwenye ghuba ya ziwa. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika ufukoni, na tangu siku hiyo Mwanza ikawa mlango wa nchi yote ya ziwa. Mali iliyotoka visiwani ilipanda gari la moshi. Mali iliyotoka pwani ilishuka katika gari la moshi ikaingia melini. Pamba ya Usukuma ilipita hapo. Wakulima wenyewe waliunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika shirikisho moja kubwa, na Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Basi mkulima alipolipwa fedha ya pamba alikwenda mjini kununua nguo, bati, cherehani na baisikeli. Hata leo kuna Barabara ya Pamba katikati ya Mwanza, nayo yatukumbusha kwamba duka la mjini ni mtoto wa shamba.

Baadaye ilikuja miaka ya dhiki. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mwaka huo huo ilifanywa Operesheni Maduka, ambayo kwayo maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili maduka ya ujamaa yashike nafasi yake. Wazee wanakumbuka vizuri foleni za sabuni na sukari zilizofuata. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilifunguliwa tena. Ndipo vijana wengi walipotoka vijijini na kuingia mijini, wakabeba bidhaa mikononi na mabegani, wakawatembezea watu. Hao ndio tunaowaita wamachinga.

Basi hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Watu wengi hudhani kwamba mwenye duka na machinga ni maadui: mmoja analipa kodi ya pango na leseni, na mwingine anatandika turubai mbele ya mlango wake. Ugomvi huo upo kweli, wala siukatai. Lakini twende Makoroboi, mtaa wenye jina la zile taa ndogo za bati, tukatazame vizuri. Tumfikirie kijana mmoja aliyesimama pale na viatu kumi. Viatu vile amevipata wapi? Mara nyingi amevichukua asubuhi katika duka lililo nyuma yake, kwa mali kauli. Yaani amepewa mali kwa neno lake tu, na jioni atarudisha fedha au viatu. Hana dhamana ila uaminifu. Kwa hiyo kijana huyo ni mkono wa duka ulionyoshwa hata barabarani. Mithali yasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hapa chema ndicho kinachotembezwa, kwa sababu mnunuzi ana haraka na hana nafasi ya kuingia ndani.

Tena kuna jambo la pili. Mtu aliyekuja kununua viatu kwa kijana yule ataona vitenge dukani, na aliyekuja kununua vitenge ataona ndizi kwa mama aliyeketi pembeni. Kila mmoja humletea mwenzake mteja. Ndiyo sababu nasema kwamba njia ya maduka huishi kwa miguu ya watu. Ukiziondoa nyayo, hata duka lenye vioo na taa nzuri litalala njaa.

Walakini, miguu hiyo yahitaji mahali pa kupita. Njia ikizibwa kwa meza na maturubai pande zote mbili, mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kupita, mzee hawezi kupita, na gari la kuzima moto haliwezi kupita. Mfereji ukizibwa kwa takataka, mvua ya masika huingia madukani. Nanyi mwaujua Mto Mirongo, ambao hupita katikati ya mji na kumwaga maji yake ziwani: taka itupwayo sokoni leo yaweza kuwa kesho katika maji yale yale tunayovua samaki. Basi fujo nayo huua njia ya maduka, kama vile upweke unavyoiua.

Serikali imejaribu dawa mbalimbali. Mara nyingine wamachinga waliondolewa kwa nguvu, wakarudi. Mwezi wa Desemba 2016 Rais John Magufuli aliagiza wasiondolewe katikati ya mji wa Mwanza kabla hawajatengenezewa mahali pa kufaa. Mwaka 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya wafanya biashara wadogo, kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Kisha, mwezi wa Septemba 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza kwamba wapangwe upya kwa utaratibu, na katika miezi iliyofuata njia za miji mingi, pamoja na Mwanza, zilifunguliwa, na wafanya biashara wakapelekwa katika maeneo waliyopangiwa. Wenye maduka wengi walifurahi kuona milango yao tena. Lakini wako wamachinga waliolalamika kwamba wamepelekwa mahali ambapo wateja hawapiti.

Malalamiko hayo si ya kupuuzwa, maana tunao mfano wa Dar es Salaam. Huko Ilala lilijengwa jengo kubwa la ghorofa kwa ajili ya wamachinga, nalo lilifunguliwa mwaka 2010. Jengo lilikuwa imara, tena fedha nyingi ilitumika. Hata hivyo kwa miaka mingi vizimba vingi vilikaa vitupu. Kwa nini? Kwa kuwa mnunuzi wa soksi na kitana hapandi ngazi kwenda kuvitafuta. Hununua avionapo, akiwa njiani kwenda kwenye basi. Fundisho lake ni hili: soko halijengwi kwa saruji peke yake, hujengwa pale ambapo watu wamekwisha kupita, au pale ambapo njia, vituo vya daladala na huduma zitawaleta.

Nchi nyingine nazo zimeonja shida ya namna hii, ingawa sababu zake ni mbali na zetu. Huko Marekani, watu waliponunua motakaa nyingi, maduka makubwa yalijengwa nje ya miji, na njia za zamani zikabaki na milango iliyofungwa. Mwaka 1977 shirika moja la kuhifadhi majengo ya kale lilianza jaribio katika miji mitatu midogo: Galesburg, Madison na Hot Springs. Halikuanza kwa kubomoa. Liliweka katika kila mji mtu mmoja ambaye kazi yake yote ilikuwa kuangalia njia ya maduka: kuwakutanisha wenye maduka, kusaidia majengo yatengenezwe vizuri, kupanga siku za sherehe na mnada, na kutafuta biashara za kujaza nafasi zilizo wazi. Jaribio lile lilienea katika mamia ya miji. Sisi hatuna haja ya kuiga kila kitu, lakini jambo moja latufaa: njia ya maduka inataka mlezi, kama shamba linavyotaka mkulima.

Kwa watu wa Mwanza jambo hili lina haraka. Mwezi wa Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, juu ya maji ambayo zamani msafiri alingoja kivuko, pengine kwa saa nyingi. Sasa mtu wa Sengerema au Geita hufika Mwanza upesi. Lakini daraja hupeleka watu pande mbili. Yule ambaye ataweza kuja kwa urahisi ataweza pia kurudi kwa urahisi, asipoona kitu cha kumvuta. Na mwenye lori ataweza kupeleka bidhaa moja kwa moja Geita bila kusimama mjini. Mji ulio tayari utapata faida, na mji uliolala utapitwa.

Basi yafaa kufanya nini? Nitataja mambo manne.

Jambo la kwanza ni la halmashauri. Kabla ya kumhamisha mfanya biashara, na wahesabu nyayo: ni watu wangapi wapitao mahali papya asubuhi, na wangapi jioni? Choo, maji, taa na kituo cha daladala vitangulie, na watu wafuate. Tena katika njia zenye upana, yawezekana kupiga mstari chini, ndani yake meza, nje yake wapitao.

Jambo la pili ni la wenye maduka. Msingoje halmashauri ifagie mlango wenu. Wenye maduka ya mtaa mmoja wakichanga kidogo kila mwezi, wataweza kumlipa mlinzi, kuweka taa, na kuzibua mfereji. Chombo hakiendi ikiwa kila mtu anapiga kasia lake.

Jambo la tatu ni la wamachinga. Mkipewa mstari, msiuvuke. Lindeni neno lenu katika mali kauli, maana mtu mmoja akikimbia na viatu vya watu, vijana kumi watanyimwa mali kesho. Nanyi wanafunzi mnaosikiliza, jifunzeni hesabu na kuandika daftari tangu sasa. Kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la nne ni letu sisi wanunuzi, hasa sisi wa vijijini. Mtu aletaye machungwa ya Ukerewe, mchele wa Magu, au dagaa wa Mwaloni Kirumba, huondoka na fedha mkononi. Fedha ile akiitumia kwa fundi seremala wa hapo, kwa mshona nguo wa hapo, na kwa mama wa michembe, kesho watu hao watanunua mchele wake. Bali akinunua kitu kibovu kilichotoka mbali kwa sababu tu ni rahisi, nacho kikavunjika kabla ya mwezi kwisha, fedha imekwenda na haitamrudia. Sisemi tukatae mali ya kigeni. Nasema tutazame kwanza kilicho karibu.

Mabibi na Mabwana, mji si nyumba za mawe wala mabati. Mji ni mapatano ya watu wanaohitajiana: mkulima na mvuvi, mwenye duka na mtembezaji, mtawala na raia. Mara nyingine mtakaposhuka melini au katika basi la Mwanza, simameni kidogo penye kona ya njia, mtazame. Mkiona mwenye duka akimpa kijana mali bila karatasi, na mama akipita katikati yao bila kusukumwa, jueni kwamba njia hiyo ni nzima. Na mkiona kinyume chake, msipite kimya. Semeni katika mkutano wa mtaa, kwa adabu, mpaka msikilizwe.