Babu, Kidonge na Basi la Mugumu

Leo tuongee juu ya vidonge vya kuongeza mkojo, wanavyopewa baadhi ya wagonjwa wa presha na moyo. Babu anasafiri kutoka Tarime kwenda Mugumu. Anaona aibu kusimamisha basi kila mara, basi anaacha kidonge. Kesho anaacha tena. Presha inapanda kimyakimya!

Mwelezeni kwa heshima: kukojoa sana ndiyo kazi ya dawa, inatoa chumvi na maji ya ziada. Kwa kawaida humezwa asubuhi, ili usiku alale. Kabla ya safari aulize zahanati kama anaweza kubadili saa.

Akisikia kizunguzungu, ainuke polepole. Misuli ikikaza, akilegea au moyo ukienda mbio, awahi zahanati. Huenda madini ya potasiamu yamepungua. Asiache dawa bila kuuliza!