Asimame Nje



Leo tufungue Kumbukumbu la Torati, mlango wa 24, mstari wa 10 na wa 11. Ni maneno machache, na huenda mmeyapita mara nyingi bila kusimama. Musa anawaagiza Waisraeli kwamba mtu akimkopesha jirani yake, asiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Yampasa asimame nje, na mwenye deni ndiye atakayeingia na kumletea.

Tazameni adabu iliyomo katika sheria hii. Deni halikufutwa, na rehani lazima itolewe. Lakini kizingiti kinabaki kuwa cha mwenye nyumba, hata akiwa maskini, hata akiwa amechelewa kulipa. Mkopeshaji haoni jikoni mna nini, wala watoto wanalalia nini. Kitakachotoka nje, mwenyewe atakichagua.

Siku hizi mambo mengi ya nyumbani tumeyaweka ndani ya simu: picha za watoto, fedha za M-Pesa, majina ya jamaa wote. Basi chukueni mfano wa mama anayeuza mboga sokoni. Mtoto wake amerudishwa kwa ajili ya karo, na shilingi 2,000 zinahitajika kabla ya jioni. Anaweka programu ya mikopo katika simu. Programu inamwuliza kama anakubali isome majina na namba za watu wake. Anabonyeza kukubali, maana bila hivyo fedha haziji. Papo hapo mkopeshaji ameingia ndani, na amepita sebuleni hadi chumbani.

Siku ya kulipa ikipita, simu zinaanza kulia kwa watu wengine. Anapigiwa mama mkwe, anapigiwa mwenye nyumba na kiongozi wa kwaya. Hata kasisi anapigiwa, aambiwe amhimize mtu wake alipe. Wakenya wengi walitendewa hivi, hasa kabla ya mwaka 2022, na wengine wanatendewa hata leo. Mama huyo haonekani tena kanisani. Imani hajaiacha, anaona haya kuketi benchi moja na watu wanaolijua deni lake hadi shilingi ya mwisho.

Na hapa pana jambo lisilofikiriwa vya kutosha. Kiongozi wa kwaya hakukopa, wala hakubonyeza chochote. Namba yake ilitolewa na mtu mwingine. Mama aliposema ndiyo, aliwasemea pengine watu 300 ambao hawakuulizwa. Hatumlaumu, maana alikuwa na shida, na masharti yenyewe yameandikwa kwa maneno ambayo hata wakili huyasoma mara mbili. Lakini tujue kwamba kila mmoja wetu ameshika mfukoni funguo za milango ya majirani.

Serikali nayo imelitambua jambo hili. Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, yaani mambo yake na ya jamaa yake yasipekuliwe wala kufichuliwa bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ilifuata mwaka 2019. Machi 2022 zilitoka kanuni za Benki Kuu, zikawakataza wakopeshaji hao kuwasumbua watu waliomo katika simu ya mdaiwa. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatishia. Wakati huo huo shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Makanisa yenye kamera nayo yasikie. Tangu ugonjwa wa korona, mwaka 2020, ibada nyingi hutangazwa kwa intaneti. Dada anayekuja mbele kuombewa ugonjwa wake amewaamini watu waliomo kanisani. Hakuwaambia walio Mombasa na Marekani.

Aliyepatwa na taabu hii aweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna, kwa mdomo au kwa maandishi, nayo yapaswa kumalizwa ndani ya siku 90. Nanyi wazee wa kanisa na akina mama wa Umoja, simu ya mkopeshaji ikiwafikia, habari hiyo ife hapo mlipo. Msiipeleke kwenye kikundi cha WhatsApp, hata kwa jina la maombi. Ikiwa mfuko wenu una kitu, kitieni katika bahasha, mwende wawili jioni. Mkifika, pigeni hodi, mngoje hapo nje mpaka awakaribishe.