Maji Ndani ya Mlango wa Lori

Mwenye lori kuukuu hapa Mwanza anaweza kujitengenezea kava la ndani la mlango. Atakata hadibodi kwa kufuatisha ile ya zamani, abandike sponji nyembamba, avute reksini na kuigundisha kwa nyuma. Fundi makochi yeyote anaiweza kazi hiyo.

Kinachosahauliwa ni nailoni. Mvua hupenya pembeni mwa kioo, ikateremka ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini. Pasipo nailoni kati ya bati na kava, hadibodi huvimba, sponji hunyonya maji, na bati huoza kimyakimya. Reksini ya kung'aa, kwa maoni yangu, isubiri. Matundu yale yazibuliwe kwanza. Kisha, kabla ya kumlipa fundi, fungeni kioo, mkimwagie maji, mtazame yanatokea wapi.